Jua na Zilizala

Mwaka 1974 wanafalaki wawili, John Gribbin na Stephen Plagemann, walitoa kitabu The Jupiter Effect. Walieleza kuwa mwaka 1982 sayari zitakusanyika upande mmoja, madoa ya jua yazidi, mwendo wa dunia ubadilike kidogo, na Los Angeles ipatwe na zilizala. Wengi wakahofu. Mwaka ukapita, mji ukasalimika. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani, Love na Thomas, walilinganisha kumbukumbu za jua na za zilizala. Hawakuona uhusiano wa kutegemewa.

Kumbuka: alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa, watu wakasema ni kwa msiba ule. Mtume akawakanya, ingawa mfiwa alikuwa yeye. Basi tusilitwishe jua mzigo usio wake. Aogopaye zilizala na aimarishe nyumba yake.