Gari la umeme na swali la tangu zamani: litachajiwa wapi?

Yeyote aliyekuwa akipita karibu na vituo vya gesi asilia jijini Dar es Salaam mwaka 2023 na 2024 atazikumbuka zile foleni. Bajaji na teksi zilijipanga mstari mrefu, dereva mmoja amelala kwenye kiti cha nyuma, mwingine anapiga soga na muuza kahawa, na saa za kutafuta riziki zinayeyuka. Gesi ilikuwa nafuu kuliko petroli, mafundi wa kufunga mitungi walikuwapo, na wenye magari walikwisha kutoa fedha zao. Kilichopungua ni mahali pa kujazia. Magari yalitangulia, vituo vikafuata nyuma kwa kuchechemea.

Nimeianza na foleni hiyo kwa sababu sasa tunaambiwa kwamba zamu inayokuja ni ya umeme. Pikipiki na bajaji zisizotoa moshi zimekwisha kuonekana katika miji yetu ya Afrika Mashariki, na wengi wetu tunazitazama kama kitu kilichozuka juzi. Lakini swali la mahali pa kulichajia gari la umeme, na la nani agharamie mahali hapo, lina umri wa zaidi ya miaka 120. Mara ya kwanza lilipoulizwa lilijibiwa ovyo, na gari lenyewe likatoweka barabarani kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini.

Hebu turudi New York, mwaka 1897. Mafundi wawili kutoka Philadelphia, Henry Morris na Pedro Salom, walipeleka katika mji huo teksi zipatazo dazeni moja zilizoendeshwa kwa umeme. Zilikuwa na sura ya magari ya farasi, isipokuwa farasi hakuwapo. Betri zake zilikuwa za risasi, nzito ajabu, mamia ya kilo kwa gari moja, na kuzichaji kulichukua saa nyingi. Sasa, teksi inayosimama saa nyingi haiwezi kumlisha mtu. Ndipo mabwana hao wakabuni kituo chao pale Broadway. Teksi iliingia, ikabanwa mahali pake kwa mitambo ya haidroliki, sanduku zima la betri likavutwa nje, winchi ikalinyanyua na kulipeleka kwenye chumba cha kuchajia, na sanduku jingine lililojaa likasukumwa ndani. Dakika chache tu, teksi iko barabarani tena. Anayedhani kwamba kubadilisha betri ni ubunifu wa vijana wa kompyuta wa siku hizi, ajue kwamba babu wa babu yake angeweza kuuona.

Wala magari hayo hayakuwa ya mzaha. Mwezi Mei 1899 polisi wa New York walimkamata dereva mmoja wa teksi za umeme, Jacob German, kwa kosa la mwendo wa kasi. Alikuwa akienda maili 12 kwa saa, yaani kilomita kama 19, mwendo ambao bodaboda wa Kariakoo angeuona wa kumsindikiza bibi harusi. Mwaka 1900 viwanda vya Marekani viliunda magari 4,192. Kati ya hayo, 1,681 yaliendeshwa kwa mvuke na 1,575 kwa umeme. Ya petroli yalikuwa 936 tu, ya mwisho kabisa. Mtu wa mwaka huo angeambiwa achague farasi wa kumwekea fedha zake, asingeichagua petroli.

Kumbe mambo yalikuwa yanaharibika kwenye ofisi za mabwana wakubwa. Mwaka 1899 kampuni ile ya teksi iliangukia mikononi mwa matajiri wa tramu walioongozwa na William Whitney. Hawa walikuwa na ndoto ya kutapakaza maelfu ya teksi za umeme katika miji mingi ya Marekani, kila mji na kampuni yake tanzu, zote chini ya kampuni mama moja. Ndoto ya kuhodhi, kwa lugha nyepesi. Hisa ziliuzwa kabla ya vituo kujengwa. Betri za risasi zinataka mtu anayezijua, na ukizipakia mwendo wa kupita kiasi au ukizichaji vibaya hufa mapema, zikafa kweli. Mwishoni mwa mwaka huo huo magazeti yalifichua kwamba mkopo wa kampuni ulipatikana kwa njia za ulaghai, na imani ya watu ikaporomoka. Kampuni za mikoani zilifungwa moja baada ya nyingine, na mwaka 1907 kampuni mama ikafilisika. Gari la umeme likabaki na jina baya lililotokana na hesabu za wakubwa.

Mtu binafsi aliyenunua gari lake naye alikuwa na shida yake. Angelichaji wapi? Mwaka 1912 nyumba zenye umeme Marekani zilikuwa kama moja kwa kila sita. Hata mwaka 1920 zilikuwa kama theluthi moja tu. Na nyumba iliyokuwa na umeme huenda ilipata umeme usiofaa, kwani betri hutaka umeme unaokwenda upande mmoja, ilhali miji mingi ilikuwa ikihamia kwenye umeme unaokwenda na kurudi, huu tunaoutumia majumbani hadi leo. Ilibidi pawe na chombo cha kuugeuza. Mwaka 1902 Peter Cooper Hewitt alivumbua kimoja cha zebaki: tungi la kioo lililowaka kwa mwanga wa buluu na zambarau kama kitu cha mganga. Matajiri walikiweka kwenye gereji zao. Clara, mke wa Henry Ford, yule yule aliyeijaza dunia magari ya petroli, mwenyewe aliendesha gari la umeme lililotengenezwa Detroit. Alikuwa na uwezo, na nyumbani kwake umeme haukuwa tatizo. Asiye na uwezo angefanya nini?

Petroli haikuhitaji yote hayo. Mwaka 1888 huko Ujerumani, Bertha Benz alilichukua gari alilolibuni mumewe akaenda kumtembelea mama yake, safari ya kilomita zaidi ya mia moja. Mafuta yalipomwishia njiani, katika mji mdogo wa Wiesloch, aliingia kwenye duka la dawa akanunua yale mafuta mepesi ambayo watu waliyatumia kusafishia madoa. Hilo duka la dawa ndilo lililokuwa sheli yake. Petroli hubebeka kwenye debe, huuzwa dukani, hukaa kwenye chupa. Nasi ni mashahidi, kwani vijijini kwetu hadi leo inauzwa kando ya barabara kwenye chupa za maji ya kunywa, na hakuna aliyengoja serikali ijenge kitu. Umeme haubebeki hivyo. Unataka nguzo, waya, mita na mtu wa kulipia vyote kabla mteja wa kwanza hajafika.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu uko mji mmoja uliopata jibu zuri, na umesahauliwa. Ni Hartford, katika jimbo la Connecticut. Mwaka 1910 kampuni ya umeme ya mji huo ilianza utaratibu huu: mfanyabiashara ananunua lori la umeme bila betri. Betri inabaki kuwa mali ya kampuni ya umeme. Mwenye lori analipa ada kwa mwezi, halafu analipa kwa kila maili anayokwenda, na betri ikipungua nguvu anabadilishiwa kituoni. Huduma hiyo iliendelea hadi mwaka 1924, na magari yaliyoitumia yalikwenda jumla ya maili zaidi ya milioni sita.

Kwa nini Hartford iliweza na New York ikashindwa, hali mtindo ulikuwa ule ule? Kwa maoni yangu sababu iko kwenye suala la nani alibeba hasara. Kule New York wenye fedha walitaka faida ya hisa. Huku Hartford mwenye betri alikuwa ndiye huyo huyo muuza umeme. Betri ikifa, inamfia yeye. Lori likisimama, umeme wake haununuliwi. Isitoshe, mitambo ya umeme ya siku zile ilifanya kazi kubwa jioni tu, saa za kuwasha taa, kisha usiku kucha ikawa haina wateja. Betri zilikuwa mteja wa kufaa kwa saa hizo.

Hata hivyo Hartford haikuweza kuliokoa gari la umeme peke yake. Ilikuwa mji mmoja, na lori lililotoka nje ya mji huo halikukuta kituo cha namna hiyo. Mwaka 1912 Cadillac walianza kuuza magari ya petroli yenye stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering, na ile adha ya kuzungusha mpini hadi mkono uvunjike ikaisha. Mwaka huo huo gari dogo la petroli la Ford liliuzwa dola 650, wakati la umeme lilifika dola 1,750. Barabara za kuunganisha miji zilipoboreshwa, mwenye petroli alisafiri na mwenye umeme akabaki kuzunguka mjini.

Nairuka miaka mingi hapa, maana haina mengi. Mwaka 2007 kampuni moja iliyoitwa Better Place, chini ya Shai Agassi, iliufufua mtindo wa Broadway na kuupeleka Israeli na Denmark, mara hii kwa roboti. Ilikusanya dola zipatazo milioni 850. Vituo vilijengwa, wanunuzi hawakuja kwa wingi uliotarajiwa, na kampuni kubwa ya magari iliyokubali kuunda gari la kuingia betri hiyo ilikuwa moja tu, Renault. Mwezi Mei 2013 ikafilisika. Waliokuwa wamenunua magari hayo walibaki na chombo ambacho kituo chake kimefungwa. Norway ilipita njia nyingine. Kuanzia mwaka 1990 ilipunguza kodi za magari ya umeme, na baadaye ikatoa fedha za umma kujenga sehemu za kuchajia. Mwaka 2024, karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme tupu. Lakini Norway ni nchi tajiri ambayo kila nyumba ina umeme tangu zamani, na tusijidanganye kwamba tunaweza kuinakili hivi hivi.

Kwetu sisi jambo hili limeingia kwa mlango wa pikipiki. Kigali, tangu mwaka 2019, kampuni ya Ampersand imekuwa ikimbadilishia dereva betri kwa dakika chache, na betri inabaki kuwa ya kampuni. Ni Broadway na Hartford kwa mara nyingine. Rwanda ilikwenda mbali zaidi ikatangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria mjini Kigali zitakazosajiliwa ziwe za umeme. Ethiopia mwaka 2024 ilizuia kuingizwa nchini magari yanayotumia mafuta. Kenya mwaka 2023 iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri: shilingi 16 za Kenya kwa uniti saa za matumizi makubwa, na shilingi 8 saa za usiku. Wale wazee wa Hartford wangeielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa. Tanzania nayo ina bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, na umeme huo unatafuta mteja wa usiku kama wa mwaka 1910.

Kwa hiyo umeme si haba. Ninachohofia mimi ni betri. Kijana anayenunua pikipiki ya umeme bila betri anaipata kwa bei nafuu, na hilo ni jema. Lakini amejifunga. Bei ya kubadilisha betri inapangwa na kampuni moja. Kampuni ikipandisha bei, hana pa kwenda. Ikifunga virago, kama ilivyokuwa mwaka 1907 na mwaka 2013, anabaki na chuma na deni la mkopo.

Ugomvi wa aina hiyo umewachosha hata wakubwa. Kwa zaidi ya miaka kumi Wajapani walikuwa na plagi yao ya kuchajia, Wazungu yao, na Tesla yake. Umoja wa Ulaya uliamua kwa sheria mwaka 2014 ni plagi gani itumike katika vituo vya umma. Marekani waliiachia soko, na ni mwaka 2023 tu ndipo Ford na General Motors walipokubali kutumia plagi ya Tesla, wakati mamilioni ya magari ya umeme yalikwisha kuwa barabarani. Hapa kwetu pikipiki hizi bado ni chache, lakini kwa kawaida betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Dereva akiishiwa nguvu mbele ya kituo kisicho cha kampuni yake, hata kama ndani kuna rafu nzima ya betri zilizojaa, itambidi ashuke aisukume pikipiki hadi kingine.