Nakala Iliyo Asili: Emuleta na Uhifadhi wa Michezo ya Zamani ya Runinga, kwa Mtazamo wa Chepsaita

Historia ya michezo ya video imeandikwa kana kwamba kila mtoto duniani alinunuliwa mchezo wake dukani, ukiwa ndani ya kisanduku chenye nembo ya kampuni iliyoutengeneza. Historia hiyo haikupita Chepsaita. Katika kijiji hiki cha Turbo, Kaunti ya Uasin Gishu, kinachojulikana zaidi kwa mahindi na mbio za nyika, kama ilivyokuwa katika sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, mashine ya michezo iliyokuwa karibu na uwezo wa mzazi wa miaka ya 1990 ilikuwa nakala. Ilikuwa plastiki nyepesi kutoka Asia, ikiiga Famicom, mashine ambayo Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983. Ilikuja na pedi mbili, bunduki ya plastiki, na kaseti iliyoandikwa kwamba ina maelfu ya michezo ilhali yote ilikuwa michache iliyorudiwarudiwa kwa majina tofauti. Contra, Super Mario, mchezo wa vifaru, mchezo wa kuwinda bata: kizazi kizima kiliijua michezo hii bila kuwahi kugusa bidhaa halali hata moja.

Makala hii inadai kwamba emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani ndani ya kompyuta, ni chombo cha uhifadhi wa kumbukumbu, na kwamba kwa Afrika Mashariki ndicho chombo pekee kinachoweza kuhifadhi kile hasa tulichokicheza. Wahifadhi wa Tokyo na New York wana mashine asilia za kuweka kabatini. Sisi asili yetu ni nakala, na nakala hiyo ina sifa zake ambazo hazimo katika kabati lolote la Nintendo.

Mojawapo ni mwendo. Ndani ya Famicom mlikuwa na kichakataji kinachopiga mapigo kama milioni 1.79 kwa sekunde, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2 tu. Kwa kuwa mashine ilikuwa na uwezo mdogo hivyo, watunzi waliufunga mchezo kwenye mapigo ya runinga: kila picha moja ikichorwa, mhusika anasogea hatua moja na muziki unasonga noti yake. Japani na Marekani runinga zilichora picha 60 kwa sekunde. Kenya, iliyofuata mfumo wa PAL, ilichora 50. Mchezo uleule ukichezwa kwenye picha 50 unapungua kasi kwa karibu asilimia 17. Mario anaruka polepole zaidi, risasi inachelewa kufika, na wimbo unavutika.

Nintendo ilipopeleka mashine yake Ulaya, nako ni PAL, iliibadilisha pia saa ya kichakataji ikashuka hadi mapigo kama milioni 1.66, hivyo sauti yenyewe ikawa nzito kidogo. Watengenezaji wa nakala walifanya vingine. Walitaka kaseti za Kijapani ziende bila kugoma kwenye runinga za PAL, kwa hiyo waliiacha saa karibu na ile ya Japani, kwenye mapigo kama milioni 1.77, wakabadilisha mpangilio wa uchoraji wa picha peke yake. Matokeo yake ni mchanganyiko usiokuwepo katika orodha ya kampuni yoyote: muziki wenye kimo cha sauti cha Japani, ukienda kwa mwendo wa Ulaya.

Contra yenyewe ni mfano bora zaidi. Ulaya, kampuni ya Konami iliuza mchezo huo mwaka 1990 kwa jina la Probotector, ikawaondoa makomando wake wawili na kuweka roboti mahali pao. Mtoto wa Ujerumani mwenye runinga ya PAL alicheza roboti kwa mwendo wa polepole. Mtoto wa Marekani alicheza makomando kwa mwendo wa kasi. Aliyecheza kwenye nakala ya PAL alikutana na makomando wa Marekani kwa mwendo wa Ulaya. Toleo hilo halikuwahi kutolewa rasmi popote, na bado ndilo toleo la kweli kwa mamilioni ya watu kuanzia Urusi hadi Afrika. Nani atalihifadhi? Konami haitalihifadhi, kwa sababu haikulitengeneza.

Waandishi wa emuleta wamekwisha kulihifadhi. Programu kama FCEUX na Mesen zinampa mtumiaji nafasi ya kuchagua kati ya kanda tatu: ile ya Japani na Marekani, ile ya Ulaya, na ya tatu iitwayo Dendy, kwa jina la nakala iliyouzwa sana Urusi kuanzia 1992. Mpangilio huo wa tatu ndio ulio karibu kabisa na mashine za nakala zilizoundwa kwa nchi za PAL. Mtu aliyekulia Chepsaita akiufungua mchezo kwa mpangilio wa kawaida wa kompyuta, atahisi kwamba kitu hakiko sawa, kwamba kila kitu kinakimbia. Kumbukumbu yake haijamdanganya. Abadilishe kanda, na vidole vyake vitajua wakati wa kuruka.

Uigaji wa kina namna hii haukupatikana kwa urahisi. Emuleta za kwanza zilizoenea, kama Nesticle ya mwaka 1997, zilitaka tu mchezo ukimbie, hata kama sauti ilikosea. Usahihi ulikuja baadaye, kwa kazi ya watu waliopima mashine pigo kwa pigo bila malipo. Faili zenyewe zinasimulia safari hiyo. Muundo wa faili uliobuniwa na Marat Fayzullin katika miaka ya 1990 ulikuwa na nafasi ya kutaja aina 256 za saketi za kaseti. Nafasi hiyo haikutosha, na muundo uliopanuliwa baadaye unaweza kutaja 4,096. Sehemu kubwa ya upanuzi huo ilihitajika kwa sababu ya kaseti zisizo na leseni: kila kiwanda cha nakala kilibuni saketi yake ya kubana michezo mingi katika kaseti moja. Kwa maneno mengine, kaseti za aina ya ile iliyouzwa soko la Turbo zimekwisha kupewa nambari katika kumbukumbu ya kiufundi ya dunia, wakati hazina hata mstari mmoja katika kumbukumbu ya Kenya.

Na muda unakwenda mbio. Fundi wa Eldoret anaweza kufufua redio ya miaka 40, kwa kuwa kila kipande chake kinaonekana na kinabadilishika. Kaseti ya nakala haina huruma hiyo. Chipu yake imemwagiwa tone la gundi nyeusi iliyogeuka jiwe, na ikifa, imekufa. Bunduki nayo imekwisha kufa hata pale ambapo ni nzima. Ilifanya kazi kwa kuutazama mwanga: mchezaji akivuta kifyatulio, kioo kinakuwa cheusi kwa kitambo kidogo na mahali pa bata panamulikwa kwa mraba mweupe. Runinga ya kichogo ilichora mraba huo papo hapo. Runinga bapa huchelewa, na bunduki haioni kitu. Kenya ilizima matangazo ya analogia mwaka 2015, na runinga za kichogo zimeendelea kutoweka majumbani. Ndani ya emuleta, kipanya cha kompyuta kinachukua nafasi ya bunduki. Si sawa na kuinua mkono na kulenga, nakubali, lakini bata wanaanguka.

Gharama si kikwazo. Super Mario Bros. nzima ina kilobaiti 40, ndogo kuliko picha moja iliyopigwa kwa simu. Kompyuta yoyote ya mitumba kutoka Uingereza inayouzwa Eldoret ina nguvu kupita kiasi kwa kazi hii.

Kikwazo cha kweli ni sheria, na hapa inafaa kwenda taratibu, kwa kuwa watetezi wengi wa emuleta huruka sehemu hii. Emuleta yenyewe si wizi. Mahakama ya rufaa ya Marekani ilikwisha kuamua hivyo mwaka 2000 katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix: kuichunguza mashine ili kuandika programu inayoiga kazi yake ni matumizi halali. Kisichokuwa halali kwa kawaida ni kuchukua faili ya mchezo ambao hukuununua. Nintendo ilipowashtaki watengenezaji wa emuleta ya Yuzu, wakakubali kulipa dola milioni 2.4 mwaka 2024, mgogoro ulihusu mashine iliyokuwa bado madukani na kufuli zake. Sina neno la kuwatetea wanaocheza mchezo mpya bila kuulipia. Msanii wa Nairobi anayeuza mchezo wake leo anastahili ulinzi uleule.

Lakini mchezo ulioachwa ni jambo jingine. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haiuzwi tena. Hakimiliki ya Kenya hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na tone la gundi nyeusi halitasubiri. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamruhusu mwenye nakala halali ya programu kutengeneza nakala ya akiba. Ruhusa hiyo haimfikii mtu wa Chepsaita hata kidogo, kwa sababu kaseti yake haikuwa halali tangu siku ilipouzwa. Ruhusa iliyoandikwa kwa ajili ya mnunuzi wa bidhaa halali inamhukumu mtoto ambaye bidhaa hiyo haikumfikia. Njia iliyobaki ni kipengele kinachoruhusu maktaba za umma na vituo visivyo vya kibiashara, vitakavyoainishwa, kutoa nakala kwa manufaa ya umma bila kujipatia mapato. Mlango upo. Kinachotakiwa ni taasisi ya kuuingia.

Naipendekeza Moi University, iliyo Uasin Gishu humohumo, ambayo shule yake ya sayansi za habari huwafundisha watunza nyaraka, na ambayo kwa ubia na kampuni ya JP SA Couto ya Ureno ilishiriki kuunganisha vifaa vya mradi wa kompyuta kwa shule za msingi. Chuo kilichowapa watoto wa darasa la kwanza vifaa vya kidijitali kina sababu ya kuuliza wazazi wao walianzia kwenye kifaa gani.

Kazi hiyo haitaishia kwenye michezo ya Wajapani. The Adventures of Nyangi, mchezo wa Wesley Kirinya wa mwaka 2007, unahesabiwa miongoni mwa michezo ya mwanzo kabisa ya Kenya yenye sura ya vipimo vitatu. Uliandikwa kwa kompyuta za Windows za wakati huo, na kila toleo jipya la Windows linausogeza mbali na kompyuta za leo. Sheria zetu za kuweka nakala za machapisho zilitungwa kwa ajili ya karatasi. Kitabu cha mwaka 2007 kinasomeka bila msaada wa kitu chochote. Mchezo wa mwaka 2007 utahitaji mashine ya kuigwa ili usomeke, na mwenye ujuzi wa kuiga Famicom ndiye aliye karibu zaidi na ujuzi wa kuiga kompyuta ya Nyangi.

Pingamizi moja linabaki, na ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Emuleta huhifadhi mashine, haihifadhi sebule. Kusubiri zamu, kelele ya wanaotazama, kaka mkubwa anayekabidhi pedi isiyounganishwa ili mdogo aamini anacheza, umeme unaopotea mtu akiwa kwa adui wa mwisho: hakuna faili inayobeba hayo. Ndiyo maana kaseti isikusanywe peke yake. Kila kaseti inayopokelewa iende na mahojiano ya aliyeileta, kwa Kiswahili au Kinandi, akiwa ameketi mbele ya mchezo wake uliowekwa kwenye kanda ya picha 50, aeleze aliununua wapi na kwa bei gani, nani aliruhusiwa kucheza na nani alitazama tu, na wasichana walipata zamu au la. Waliokuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1995 wana 40 na kitu sasa. Wanakumbuka vizuri, na kaseti nyingine bado zimo ndani ya masanduku chini ya vitanda. Zile zenye gundi nyeusi zinakiliwe kwanza.