Radhi Si Ungamo: Lugha ya Kikao cha Nidhamu Kazini, kwa Mtazamo wa Bondeni

Mombasa mtu akiachishwa kazi husemwa amepigwa kalamu, au unga wake umemwagika, au kibarua chake kimeota nyasi. Kibarua asili yake ni barua ndogo: cheti alichoshika mfanyakazi wa kutwa kuonyesha kwamba siku ile alifanya kazi. Jina la cheti likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu mwenyewe. Kwa hiyo mtu wa Bondeni, mtaa wa Mombasa, anayesema "natafuta kibarua" anataja, pasi na kujua, karatasi ambayo babu yake huenda aliishika bila kuweza kuisoma.

Karatasi hiyo ndiyo inayonishughulisha hapa. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au udhaifu wa mwili, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama kazini aliyemchagua mwenyewe, kisha asikilize na kuzingatia watakayoyasema wote wawili. Maneno kuhusu lugha husomwa haraka, kana kwamba ni adabu ya uandishi wa sheria. Nadai kwamba ndiyo mlango wa kifungu chote. Kikao kilichoendeshwa kwa Kiingereza dhidi ya mtu anayefikiri, anayejitetea na anayeomba kwa Kiswahili hakijawa kikao, hata kama tarehe zote zilitimizwa na kila ukurasa ukatiwa sahihi.

Jambo hili lina historia yake. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906 ilifanya kutoroka kazini kuwa jinai. Kisha ikaja sheria ya kipande ya 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande shingoni, yaani cheti kilichoandikwa lini aliajiriwa na lini aliachiliwa. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mbele ya askari yeye alikuwa mtoro. Hatia yake ilikuwa imening'inia shingoni kwa maandishi ya mtu mwingine. Wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa walipogoma Januari 1947, walikutana kwenye uwanja wa mpira wakauita Kiwanja cha Maskini. Walidai mshahara, lakini jina hilo la Kiswahili lanionyesha pia kwamba walikuwa wamepata mahali pa kusema yao kwa lugha yao. Mwaka huohuo kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa na kuhamishiwa Kabarnet.

Uhuru haukubadilisha jambo hili upesi. Bado mwaka 1992, katika kesi ya kiwanda cha Rift Valley Textiles, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kanuni za haki ya asili hazihusu mkataba wa kawaida wa ajira, isipokuwa pande zenyewe zimekubaliana hivyo katika mkataba. Mwajiri alilipa notisi, yakaisha. Sheria ya 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, na baada yake Katiba ya 2010 kwa ibara zake za 41 na 47, ziliigeuza hali hiyo. Sasa sababu lazima iwe halali na utaratibu lazima uwe wa haki. Kimoja kikikosekana, kuachishwa huko si kwa haki. Mwaka 2019, katika kesi ya Shirika la Posta, Mahakama ya Rufani ilipochambua kifungu cha 41 ilitaja mambo manne yanayotakiwa, na la kwanza ni maelezo kwa lugha anayoielewa mfanyakazi.

Sasa tuchukue mfano. Karani wa stoo katika ghala moja la Shimanzi, mkazi wa Bondeni, anaambiwa magunia 10 ya mchele hayaonekani kwenye hesabu. Asubuhi anapewa barua ya kutakiwa kujieleza, ya Kiingereza, ajibu ndani ya saa 24. Jioni anaipeleka barazani asomewe na kijana aliyemaliza kidato cha nne. Wazee wanamshauri kama walivyolelewa: mkubwa akiudhika, anza na radhi, hoja zitafuata. Anaandika: "Naomba radhi kwa yaliyotokea. Mniwie radhi kama kuna mahali nimekosea. Magunia yamepotea na mimi pia nimesikitika." Ofisini maneno haya yanatiwa katika Kiingereza cha kumbukumbu, na yanatoka hivi: mfanyakazi amekiri kupoteza magunia na ameomba msamaha.

Tafsiri hiyo si sahihi, na kosa lake laweza kuonyeshwa kwa sarufi. "Yaliyotokea" na "yamepotea" ni vitenzi visivyomtaja mtendaji. Aliyetaka kukiri angesema "niliyoyatenda" na "nimeyapoteza". "Kama kuna mahali nimekosea" ni sharti, wala si taarifa. Na radhi yenyewe si ungamo. Mwana anayesafiri huwaomba wazazi wake radhi, na bibi harusi humwomba mamake radhi, wala hakuna anayeuliza ni kosa gani limetendwa. Radhi hutunza uhusiano kabla ya jambo zito. Mtu aliyelelewa vyema Mombasa akiitwa mbele ya wakubwa bila kuomba radhi ataonekana jeuri. Akiiomba, faili litasema amekiri. Amenaswa na malezi mema.

Ndani ya kikao hatari huzidi. Meneja akieleza tuhuma, mfanyakazi husema "haya" au "sawa, mzee", maana yake nimepokea maneno yako, endelea. Kumbukumbu huandika kwamba alikubali. Akinyamaza kwa kuwa mwenye umri mkubwa bado anasema, huandikwa hakuwa na la kujibu. Neno la Kiingereza la kisheria lenye maana ya kutotimiza wajibu wa uangalifu hutafsiriwa "uzembe", neno ambalo pwani hii ni tusi la uvivu. Mtu huacha kuijibu tuhuma akaanza kutetea heshima yake, akihesabu miaka aliyoamka alfajiri. Jopo humwona anazunguka. Yeye anajibu swali alilolisikia.

Wapwani husema "hasikii Kiingereza" wakimaanisha haelewi Kiingereza. Kitenzi kimoja kinabeba kusikia na kuelewa, na kwa hoja yangu kinatufaa kuliko istilahi nyingi za sheria: asiyesikia lugha ya kikao hawezi kusikilizwa humo.

Kuna sababu ya kisheria ya kulikazia hili. Kifungu cha 43 kinasema sababu za kuachisha kazi ni mambo ambayo mwajiri, wakati ule, aliamini kwa dhati kuwa yapo. Imani hiyo hutoka wapi? Hutoka kwenye kumbukumbu. Tafsiri potofu ya "mniwie radhi" ikishaingia faili, inageuka msingi wa imani ya dhati, na mbele ya jaji mwajiri hahitaji kudanganya. Anaonyesha tu karatasi. Zaidi ya hayo, mwaka 2010, katika kesi iliyoihusu Mamlaka ya Mapato ya Kenya, Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba kusikilizwa kwa haki si lazima kuwe kwa mdomo. Kama maandishi peke yake yanaweza kuwa usikilizwaji, basi lugha ya maandishi hayo ndiyo usikilizwaji wote, na mahakama zingepaswa kuichunguza kwa ukali zaidi.

Wapinzani wa hoja hii wana la kusema. Kiingereza ni lugha rasmi, na mfanyakazi alisoma shule ya Kenya, akafanya mtihani kwa Kiingereza, akatia sahihi mkataba wa Kiingereza. Kweli. Lakini ibara ya 7 ya Katiba inaitaja lugha moja tu ya taifa, nayo ni Kiswahili, ambacho pia ni lugha rasmi. Na kifungu cha 41 hakiulizi lugha ya ofisi, chauliza uelewa wa mfanyakazi. Kiingereza kinachotosha kusoma orodha ya mizigo hakitoshi kupambanua tuhuma ya wizi na tuhuma ya kutokuwa mwangalifu. Wanaotaja gharama za tafsiri nawauliza: amri ya kupakia lori hutolewa kwa lugha gani? Ghalani meneja huagiza, huhimiza, hugomba na hutania kwa Kiswahili mwaka mzima. Siku ya kumshtaki mtu tu ndipo Kiswahili kinaonekana hakifai.

Sidai kwamba kila kikao cha Mombasa kiwe cha Kiswahili. Wapo wafanyakazi wanaojieleza vyema kwa Kiingereza na ambao Kiswahili cha kisheria kingewatatiza. Wapo pia wanaosikia Kigiriama au Kidigo kwa undani zaidi. Chaguo ni la mfanyakazi, aulizwe mapema na jibu lake liandikwe. Ninachokikataa ni dhana kwamba sahihi chini ya barua ya Kiingereza inathibitisha uelewa. Inathibitisha kwamba karatasi ilipokewa.

Tanzania imelishughulikia jambo hili waziwazi zaidi. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka tuhuma zitolewe kwa namna na lugha ambayo mfanyakazi anaweza kuielewa, na kwamba muda wa kujiandaa, kwa kawaida, usipungue saa 48. Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama huko. Kenya, Sheria ya Mwenendo wa Madai imekiweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, huku mahakama za chini zikiruhusiwa zote mbili. Mfanyakazi wetu basi hukutana na Kiingereza kwenye barua, kwenye kikao na kwenye rufaa.

Na rufaa hairudishi mengi. Fidia ya juu kabisa ni mshahara wa miezi 12. Kurejeshwa kazini kumewekewa hali za kipekee sana. Kwa karani mwenye kodi ya nyumba na watoto madrasani na shuleni, kikao kile cha dakika 40 ndicho mahakama yake halisi. Ndiyo maana mwenzake anayekaa kando yake si pambo. Aruhusiwe kusimamisha kikao na kusema: hapa hajakiri, hapa ameomba radhi tu. Kumbukumbu zichukue maneno ya mfanyakazi kama alivyoyatamka, kwa lugha aliyoyatamkia, na tafsiri iwekwe pembeni ili jaji aweze kuzilinganisha. Waziri mwenye dhamana ya leba anaweza kuyaweka haya katika kanuni bila kungoja Bunge, na vyama vya wafanyakazi vinaweza kuyadai tangu sasa katika mikataba ya pamoja.

Kwa msomaji aliyeshika barua ya namna hiyo leo: ijibu kwa Kiswahili ikiwa ndicho unachokisikia, omba maelezo kwa lugha hiyo na muda zaidi, mtaje mwenzako utakayekuja naye. Ukiomba radhi kwa adabu, andika katika sentensi ya pili kwamba hukiri kosa. Weka nakala ya kila ukurasa. Ukiachishwa, malalamiko kwa afisa wa leba hupelekwa ndani ya miezi 3, na kesi hufunguliwa ndani ya miaka 3.