Ilitoa Albamu, au Ilimtoa Mtu?

Mwaka 1987, wenye kampuni ndogondogo za santuri walikutana kwenye baa moja ya London iliyoitwa Empress of Russia. Shida yao ilikuwa ya muuza duka. Santuri walizokuwa wakitoa zilitoka kila pembe ya dunia, na wauzaji hawakujua waziweke rafu gani. Wakajadiliana, wakakubaliana jina moja la kuandika juu ya rafu: muziki wa dunia. Jina likashika, na mpaka leo lipo.

Kati ya kampuni zilizokuwa kwenye mazungumzo hayo ni Triple Earth. Miaka miwili kabla, 1985, ilikuwa imeshatoa santuri ya Watanzania inayoitwa Tanzania Yetu, na mmoja wa waliomo ni Hukwe Zawose, Mgogo wa huku kwetu Dodoma. Yaani rafu inapata jina, Mgogo tayari yumo dukani.

Nimeanza na rafu kwa sababu kamusi elezo ya mtandaoni nayo ni rafu. Inaamua jambo gani liwekwe chini ya jina la nani. Kwa miezi kadhaa sasa, nikishamaliza habari za Bunge, jioni nakaa na rasimu ya makala ya Kiswahili kuhusu Real World Records, kampuni ambayo Peter Gabriel na wenzake waliianzisha Uingereza mwaka 1989, na ambayo mwaka 1996 ilitoa albamu ya Hukwe iitwayo Chibite. Makala yenyewe ni fupi, aya sita tu. Lakini karibu kila sentensi inanidai kitu.

Tuanze na sheria za mchezo. Wikipedia ilianza Januari 2001, na ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Sharti lake kubwa ni kutoegemea upande. Wengi wanadhani maana yake ni mwandishi asiwe na upande, na mtu wa hivyo sijawahi kukutana naye. Sharti linadai kitu kinachowezekana zaidi: pande zote zipewe nafasi kwa kadiri ya uzito wake katika vyanzo vilivyochapishwa, na kila dai libebwe na mwenyewe. Kuna masharti mengine mawili yanayotembea nalo. Kila kilichoandikwa kiweze kuhakikiwa, na usiingize utafiti wako mwenyewe ambao haujachapishwa popote. Hilo la mwisho tutalirudia, maana ndilo linalouma.

Kurasa za kampuni zina majaribu yake, kwa sababu kampuni ina faida ya kupata ikisifiwa. Mwaka 2013 iligundulika kuwa kampuni moja ya Marekani, Wiki-PR, ilikuwa inawauzia wateja huduma ya kuandikiwa na kulindiwa kurasa zao. Akaunti zaidi ya 250 zilifungwa. Mwaka uliofuata, likawekwa sharti kwamba anayelipwa kuandika lazima aseme analipwa na nani.

Kwa upande wetu, naona tatizo linaanza kabla hata ya hela. Linaanza kwenye Kiswahili chenyewe tunachokiandika. Dodoma ni mji wa taarifa kwa vyombo vya habari. Barua pepe yangu inajaa kila asubuhi. Nimezisoma mpaka nazijua kwa harufu. Taasisi ni “kinara”. Msanii ni “nguli” au “gwiji”. Hakuna anayejulikana tu, kila mtu “amejizolea umaarufu”. Hakuna aliyesafiri, wote “wameipeperusha vema bendera”. Ukiwa umelelewa na lugha hiyo, ukiambiwa uandike makala ya kampuni, vidole vinaenda vyenyewe huko.

Kufuta sifa ni kazi rahisi. Unapita na kalamu nyekundu, nguli anakuwa mwanamuziki, kinara inakuwa kampuni, basi. Kitenzi ndicho kinachosumbua. Angalia kitenzi hiki kimoja: kutoa. Kampuni ilitoa albamu. Hapo hakuna ugomvi, tarehe ipo, kaseti ipo, CD ipo. Sasa sikia tunavyosema mtaani: “Fulani ndo kamtoa yule.” Kumtoa msanii, kila kijana wa Bongo Fleva anajua maana yake. Alikuwa gizani, mtu akamshika mkono akamleta kwenye mwanga. Tofauti ni silabi moja, -m-, na ndani ya silabi hiyo kuna deni la maisha. Harmonize alipoondoka WCB Wasafi mwaka 2019 akaenda kujenga Konde Gang, mashabiki walibishana juu ya silabi hiyo hiyo. Nani kamtoa nani, na aliyetolewa anadaiwa mpaka lini?

Sasa rudi kwa Hukwe. Rahisi kabisa kuandika kwamba Real World ilimtoa. Msomaji wa Ulaya aliyemsikia kwa mara ya kwanza kwenye Chibite atakubali. Lakini weka tarehe mezani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanyia kazi zake Afrika Kusini, alipita Tanganyika na mashine ya kurekodia, na Wagogo wamo kwenye rekodi za safari ile. Miaka minne baadaye alianzisha maktaba yake ya kimataifa ya muziki wa Afrika. Kwa hiyo ilimba na zeze za Wagogo zilikuwa zimeshanaswa Hukwe akiwa bado mtoto. Baadaye Rais Nyerere alimwita Hukwe Dar es Salaam, akawa mwanamuziki wa taifa kabla hajawa mwanamuziki wa rafu yoyote. Kisha akawa Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa, anafundisha na kupiga. London ilimkuta ana wanafunzi.

Kwa hiyo sentensi yangu ya kwanza ilitakiwa iwe nyepesi: kampuni ilitoa albamu yake mwaka 1996. Na kabla ya hapo, kwa tarehe, Nyerere, Bagamoyo, Triple Earth. Hakuna kejeli kwa mtu. Ukipanga mambo kwa mfuatano wake, neno “iligundua” linakosa pa kukaa, linajiondokea lenyewe.

Lakini tusijidanganye, upendeleo una njia mbili, na mimi naishi upande huu wa barabara. Mgogo mwenzangu mmoja, mwalimu, aliposoma rasimu alisema: “Andika kwamba wazungu walituibia, umalize.” Namwelewa. Tunaona zeze la kijijini linasikika Ulaya, halafu tunaona kijiji. Lakini “waliiba” ni dai, na dai lina masharti. Mkataba ulisemaje? Nani alilipwa nini? Sijauona mkataba wowote, na yeye hajauona. Kinachoonekana hadharani ni kwamba mwaka 2002 Hukwe na mpwa wake Charles walikuwa jukwaani na Peter Gabriel kwenye ziara yake, kwamba Hukwe alifariki Bagamoyo mwishoni mwa Desemba 2003, na kwamba mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ilitoa albamu ya The Zawose Queens, binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, inayoitwa Maisha. Ukitaka kusoma wizi hapo utausoma, ukitaka kusoma urafiki wa miaka mingi utausoma pia. Makala inatakiwa imwachie msomaji kazi hiyo.

Mfano mzuri zaidi wa ninachosema uko Nairobi, na sote tunaujua kwa kuuimba: Malaika. Hapa ndipo inabidi tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Kuna rekodi, yaani sauti iliyonaswa studio siku fulani. Na kuna wimbo wenyewe, maneno na mahadhi, ambao una haki yake peke yake. Anayesimamia haki hiyo ya pili ndiye mchapishaji wa muziki. Wimbo ukirekodiwa upya na mtu mwingine, rekodi ya zamani haihusiki, lakini mwenye wimbo anatakiwa alipwe. Ndiyo maana jina la mtunzi kwenye lebo ni mlango wa hela.

Fadhili William, mtu wa Taita, aliirekodi Malaika Nairobi, na kampuni ya Equator ya Charles Worrod ikashikilia kwamba yeye ndiye mtunzi. Adam Salim, Mtanzania, alisema aliutunga yeye miaka ya 1940 akiwa Nairobi, kwa ajili ya msichana aliyempenda akamkosa. Miriam Makeba akaubeba duniani; uko kwenye albamu yake na Harry Belafonte ya mwaka 1965. Boney M. wakaurudia mwaka 1981. Kila rudio lilikuwa na mstari wa mtunzi. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi haukuzikwa naye.

Sasa wewe andika makala ya Equator. Ukiandika “Equator ilichapisha Malaika ya Fadhili William”, umeshatoa hukumu kwa herufi mbili, “ya”. Ukiandika “Malaika ya Adam Salim iliyochukuliwa na Equator”, umetoa hukumu nyingine. Sentensi inayosimama ni ndefu kidogo na haina utamu: Equator ilitoa rekodi ya Fadhili William na kumtaja kuwa mtunzi, Adam Salim alidai utunzi ni wake. Watu wa fasihi tunapenda sentensi inayofunga mlango. Hii inauacha wazi, na kwa mtu mwenye kesi ambayo haijaisha, mlango wazi ni heshima.

Tatizo lililobaki ni kubwa kuliko vitenzi. Makala inategemea vyanzo vilivyochapishwa. Je, nani amechapisha? Kampuni ina maelezo ya nyuma ya jalada, katalogi, tovuti, wasifu wa msanii, mahojiano kwenye magazeti ya kwao. Mwanamuziki ana mdomo. Kwetu, kwa miaka mingi ya ujamaa, studio iliyotegemewa ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ziliacha kanda pale, na karatasi za maelezo ni chache. Ukifuata sharti bila kufikiri, ukurasa wako utakuwa umejaa kauli za kampuni, kila moja ina chanzo safi, hakuna kosa hata moja, na bado umelala upande mmoja kama gari lililopasuka tairi.

Nilikwenda Chamwino kuzungumza na mzee mmoja mpiga zeze. Nikamwamkia kwa Kigogo, akafurahi, akaniuliza kazi yangu. Nikamweleza habari ya makala. Akasema: “Sawa, mjukuu. Na mimi nikikuambia ninachokijua, utakiweka?” Nikamjibu ukweli: “Hapana, babu, kwanza lazima kichapishwe mahali.” Akacheka sana. “Basi maneno yangu yanasubiri foleni.” Halafu akanipigia wimbo, na aliposema nani aliyeutunga, alitaja kijiji, hakutaja mtu.

Jibu hilo la kijiji linaleta swali la kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua sanaa za jadi kuwa ni kitu cha kulindwa tofauti na kazi ya mtunzi mmoja. Lakini fomu za kampuni, popote duniani, zina nafasi ya jina la mtu. Wimbo wa jadi ukiingia studio, huandikwa kuwa ni wa asili, na mpangilio ni wa fulani. Muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, nayo ikirekodiwa itahitaji jina kwenye fomu. Ukurasa wa kampuni usioeleza jambo hili unamfanya msomaji aamini kwamba nyimbo zote zilizaliwa siku ya kurekodiwa.

Kwa nini nahangaika na aya sita? Kwa sababu mtangazaji wa redio akihitaji kusema maneno mawili kabla ya wimbo, anasoma pale. Mwanafunzi wa chuo ananakili pale. Siku hizi hata mashine zinazojibu maswali zimesoma pale. Nikiandika “ilimtoa”, baada ya miaka kumi mtoto wa Chamwino ataulizwa kwenye mtihani nani alimtoa Hukwe Zawose, na jibu sahihi litakuwa ni jina la kampuni.

Foleni ya mzee inaweza kusogea, na hapo ndipo sisi waandishi na nyie mnaosoma tuna kazi. Mahojiano na wazee yakichapishwa gazetini, yanakuwa chanzo. Tasnifu iliyolala maktaba ya chuo kikuu ikipatikana, inakuwa chanzo. Tamasha la muziki wa Wagogo linafanyika Chamwino. Habari yake ikiandikwa kwa majina ya vikundi, vijiji na ngoma walizopiga, badala ya orodha ya wageni rasmi waliohudhuria, nayo inakuwa chanzo. Kama nyumbani kwenu kuna jalada la santuri, mkataba wa baba, au risiti ya studio, msiitupe wakati wa kuhama nyumba.

Rasimu yangu bado haijaisha. Aya ya tatu inasema: “Mwaka 1996 kampuni ilitoa albamu ya Chibite ya Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyekuwa akipiga na kufundisha Tanzania, na ambaye kazi zake zilikuwa zimeshatolewa Uingereza tangu 1985.” Nimeisoma kwa sauti mara nyingi. Haina nguli, haina mwizi. Nikimpelekea mtu wa kampuni ataikubali, na nikimsomea babu wa Chamwino naye ataikubali, ingawa atauliza mbona kijiji hakimo. Kwa hiyo wiki hii natafuta kilichochapishwa kuhusu kijiji.