Haraka ya Wakubwa, Subira ya Wadogo

Wahenga wetu hawakutuachia neno moja juu ya subira. Waliosema "haraka haraka haina baraka" ndio hao hao waliosema "ngoja ngoja huumiza matumbo". Waliotuambia kwamba subira huvuta heri waliishi mtaa mmoja na waliotuonya kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wanafunzi wangu huziona methali hizi kuwa zinapingana, na kila mmoja huchukua ile inayomfaa: anayeomba kuongezewa muda wa kuwasilisha kazi yake hutaja ya kwanza, na anayedai matokeo ya mtihani hutaja ya pili. Mimi sioni kwamba zinapingana. Naona zinatutaka tuulize, kila tunapohimizwa kukimbia au kungoja, jambo lililo mbele yetu ni la namna gani, na ni nani atakayelipa iwapo tutakosea.

Swali hili lina uzito zaidi katika zama zetu. Leo fedha hutoka Mwanza ikafika Mtwara kwa simu ndani ya sekunde chache, na ujumbe usiojibiwa kwa nusu saa huweza kuzua ugomvi nyumbani. Sioni ubaya katika kasi hiyo. Mama aliyetumiwa fedha ya dawa ya mtoto hana sababu ya kuyatamani majira ya barua na mabasi ya mara moja kwa wiki. Ubaya huanza pale kasi ya chombo inapofanywa kipimo cha kila kitu: elimu, mali, sheria, taasisi, hata taifa lenyewe. Simu yaweza kumfikishia mkulima fedha ya mbegu kwa dakika moja, lakini haiwezi kuiamuru mbegu ile iote jioni hiyo hiyo.

Yapo mambo yenye muda wake, na anayeuruka muda huo huulipa baadaye pamoja na riba. Historia ya nchi yetu inao ushahidi wa kutosha. Nitachukua mifano miwili, mmoja wa wakoloni na mmoja wa sisi wenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, kiongozi wa kampuni ya United Africa, alipendekeza karanga zilimwe kwa mitambo katika Tanganyika. Serikali ya London ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa. Ujumbe huo ulizunguka kwa wiki chache tu, na sehemu ya ardhi waliyoipendekeza waliitazama kutoka angani. Ripoti yao ilitaka zifyekwe zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, kwa muda wa miaka sita na kwa gharama iliyokaribia pauni milioni 25. Mwaka ule ule wa 1946 mpango ukakubaliwa.

Kazi ilianza Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Wenyeji wa pale walikuwa na elimu ambayo haikuandikwa katika ripoti yoyote. Walijua kwamba mvua ya Ugogo haina ahadi. Waliikumbuka Mtunya, njaa iliyowaua watu wengi katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza na mara baada yake. Ng'ombe wao walikuwa ndiyo akiba yao ya miaka ya ukame, na mashamba yao yalikuwa na ukubwa ambao familia iliweza kuustahimili mvua ikikosa. Lakini kuisikiliza elimu ya namna hiyo kunahitaji kukaa na watu msimu hata msimu, na muda huo waliokuwa London hawakuwa tayari kuutoa.

Yaliyofuata yanajulikana. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, yaliyokwisha kuchoka kabla hayajafika shambani. Mibuyu na vichaka vilivunja vifaa. Udongo wa mfinyanzi, ukishakaukiwa na maji, uligeuka mgumu kama sakafu, na karanga zikakwama ndani yake. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, nazo zilizopandwa hazikufika 10,000. Mwezi Januari 1951 mpango ulitangazwa kuwa umekwisha, na hasara iliyofutwa katika vitabu vya Uingereza ilikuwa takriban pauni milioni 36.

Shamba dogo la majaribio, kwa misimu mitatu au minne, lingeweza kuonyesha yote hayo kwa gharama ndogo. Wahandisi na wataalamu wa kilimo waliokuwapo hawakuwa wajinga. Muda ndio walionyimwa. Nao waliowanyima muda hawakuwa watu wa kulala njaa mvua ya Kongwa ikikosekana.

Ni rahisi kuwacheka wakoloni. Mfano wa pili ni mgumu zaidi, kwa kuwa unawahusu watu tunaowapenda, na nia yao ilikuwa njema.

Katika mteremko wa Kilimanjaro, mkulima akishapanda mbuni hungoja kama miaka mitatu ndipo auone mzigo wa kwanza. Hangoji akiwa amekunja mikono. Kihamba kina migomba inayolisha nyumba na kuitilia kahawa kivuli; kuna kupalilia, kupogoa na kuweka samadi. Wakulima hao waliujenga ushirika wao kwa mwendo huo huo. Walianza na chama cha mwaka 1925, kikapita katika misukosuko, na mwaka 1933 ukazaliwa muungano wa vyama uliojulikana kama KNCU. Huko Usukuma jambo lilianzia kwenye mizani. Wakulima wa pamba waliona wanapunjwa kilo na wanunuzi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaanza kuweka watu wao wa kusimamia upimaji. Kutokana na mizani wakapata vyama, na kutokana na vyama wakapata, mwaka 1955, Muungano wa Victoria ulioongozwa na Paul Bomani.

Tusiyapambe mambo. Baada ya uhuru ushirika ulienezwa kwa amri katika mikoa mingi ambako wanachama hawakuwa wameuomba wala kuandaliwa. Wizi uliingia, na ubadhirifu, na viongozi wasiong'oka. Tume maalumu ya Rais iliyochunguza mwaka 1966 iliyakuta maovu hayo, na iliona pia kwamba kasi ya kuvianzisha vyama ilikuwa sehemu ya tatizo. Ugonjwa ulikuwapo, na tiba yake ilijulikana: kufundisha wahasibu, kukagua vitabu, kumpa mwanachama nguvu ya kumwondoa mwenyekiti mwizi. Lakini tiba ya namna hiyo huchukua miaka, na haina siku ya kukatiwa utepe.

Ndipo ikaja miaka ya haraka. Mwaka 1972, chini ya sera iliyoitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa na kazi zake zikakabidhiwa kwa maofisa wa serikali kuu. Zile za miji zikafuata. Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini si hiari tena, na kwamba shughuli ya kuwahamisha watu iwe imekwisha ifikapo mwisho wa 1976. Waliokuwa katika vijiji vya ujamaa walikuwa takriban milioni 2. Baada ya miaka michache serikali ilihesabu watu milioni 13 katika vijiji zaidi ya 7,000. Mwezi Mei 1976 miungano ya ushirika ikavunjwa, na mazao yakapewa mamlaka za serikali. Kazi ya zaidi ya miaka 40 ya wakulima wa Kilimanjaro iliondolewa kwa tangazo moja.

Ni haki kuzitaja sababu za haraka hiyo. Nchi ilipata uhuru ikiwa na madaktari na wahandisi wa kuhesabika kwa vidole. Mwalimu Nyerere alikuwa akisema kwamba inatupasa kukimbia wakati wengine wanatembea, na mtu aliyeshuhudia watoto wakifa kwa kukosa maji safi hawezi kulaumiwa kwa kutaka kukimbia. Lakini Mwalimu huyo huyo alikwisha kufundisha, mwaka 1968, kwamba watu hawaendelezwi bali hujiendeleza wenyewe. Aliijua kanuni, na subira iliyodaiwa na kanuni hiyo ikaishia njiani.

Gharama ilifika kwa zamu. Mamlaka za mazao zilikuwa na gharama kubwa za uendeshaji, na mkulima akawa anangoja malipo yake miezi kadhaa. Miji iliyokosa halmashauri ilizorota kwa taka na maji machafu, na kipindupindu kilipozuka katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 hapakuwa na chombo cha wakazi wenyewe cha kuwajibika. Mabaraza ya miji yakarudishwa mwaka 1978. Mwaka 1982 zikatungwa sheria za kuurudisha ushirika na serikali za mitaa, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi. Mwaka huo huo Mwalimu alisema katika mahojiano kwamba, kama angeanza upya, kuna mambo mawili asingeyafanya: kuzifuta serikali za mitaa na kuuvunja ushirika. Sababu aliyoitoa ilikuwa kwamba walikosa subira na walikosa ujuzi.

Naamini kauli hiyo ni miongoni mwa maneno ya uaminifu zaidi kutoka kwa mtawala wa Afrika. Lakini kukiri hakukukirudisha kile kilichopotea. Jengo la chama cha msingi likifungwa laweza kufunguliwa. Mazoea ya wanachama kusoma mahesabu ya mwaka, ujasiri wa mkulima kusimama mkutanoni na kumtaka katibu aeleze zilikokwenda magunia 30, imani kwamba chama ni chetu na si cha serikali, hayo hayarudi kwa kutungiwa sheria. Huota polepole kama mbuni, na huhitaji mtu wa kungoja nayo.

Hapa msomaji mwanaharakati atanishika kanzu. Ataniuliza: je, si hii subira ambayo wananchi wetu wamehubiriwa miaka yote? Namkubalia, na ndipo nilipokuwa nikielekea. Mwaka 2012 na 2013 wananchi walitoa maoni yao kwa Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba. Mwaka 2014 Bunge Maalumu likapitisha Katiba Inayopendekezwa, na kura ya maoni ikapangiwa tarehe 30 Aprili 2015. Kura hiyo iliahirishwa, na wananchi wakaambiwa wangoje. Lakini mwanzoni mwa Julai 2017, miswada mizito kuhusu madini na maliasili za nchi ilipelekwa bungeni kwa hati ya dharura na kupitishwa kwa siku chache. Mtu anaweza kuipenda miswada ile au kuichukia. Swali langu ni la mwendo. Inakuwaje dola ile ile iwe na mbio katika jambo moja na mguu mzito katika jingine?

Jibu ninaloliona ni kwamba katika historia yetu haraka imekuwa haki ya wakubwa na subira imekuwa wajibu wa wadogo. London iliharakisha, Mgogo akabaki na ardhi iliyokwanguliwa. Ofisi ziliharakisha, mkulima akangoja malipo. Kwa hiyo anayeihubiri subira bila kusema nani angoje na nani aharakishe, anawahubiria wanyonge peke yao.

Iko tofauti kubwa kati ya kungoja na kungojeshwa. Mwenye kihamba anangoja: anajua anangoja nini, anajua ni kwa muda gani, na kila siku anaifanya kazi inayokisogeza kile anachokingoja. Mwananchi anayeambiwa "wakati bado", bila tarehe na bila kazi yoyote inayoonekana, anangojeshwa, na hana deni la subira kwa mtu yeyote. Kwake yeye, methali ya kutumia ni ile ya matumbo.

Ewe mtumishi wa umma, utakapoletewa mradi unaotakiwa ukamilike kabla ya ziara ya kiongozi, uliza ni msimu gani umejaribiwa, na nani kati ya watakaoishi nao ameulizwa. Ewe mwanaharakati, dai tarehe kwa sauti kubwa, lakini chama chako kijenge kwa mwendo wa vikao, mihtasari na mahesabu, kwa maana kilichojengwa kwa shangwe ya wiki moja huvunjwa kwa tangazo la siku moja. Nawe mwanafunzi, unayeona miaka mitatu ya shahada kuwa mirefu mno, kumbuka kwamba ni muda ule ule wa mbuni kuzaa. Swali ni kama katika miaka hiyo utakuwa umepalilia.