Wabaadu na Sentensi Kuu: Historia Fupi ya Wazo Kuu katika Insha ya Kiswahili

Neno insha limetoka katika Kiarabu, ambako lilihusishwa hasa na usanifu wa nyaraka za makatibu wa watawala. Asili hiyo haipaswi kupuuzwa. Barua za Waswahili alizozichapisha C. G. Büttner nchini Ujerumani mwaka 1892 hazikugawanywa katika aya kwa maana ya leo. Hata hivyo, katika desturi ya uandishi wa barua pwani, maamkizi yakiisha huja neno wabaadu, au mfano wake, na hapo msomaji hutambua kuwa jambo lenyewe limewadia. Kiswahili, basi, kilikuwa na chombo chake cha kutangaza wazo kuu kabla ya kuwapo kwa shule za kikoloni.

Sentensi kuu inayokaa mwanzoni mwa aya ni mgeni wa baadaye. Kanuni yake iliwekwa na Alexander Bain wa Chuo Kikuu cha Aberdeen mwaka 1866, ikafundishwa katika shule kana kwamba ni sheria ya fikra yenyewe. Ajabu ni kwamba Richard Braddock alipochunguza makala ya waandishi mahiri wa Marekani mwaka 1974, alikuta ni kama asilimia 13 tu ya aya zilizoanza kwa sentensi ya namna hiyo.

Nchini Kenya suala hili lilipata uzito mpya mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza na Kiswahili kufanywa somo la lazima lenye kutahiniwa. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka 1989. Katika muundo uliozoeleka wa karatasi ya insha, mtahiniwa huandika insha mbili, kila moja ikiwa na alama 20. Kwa mwanafunzi wa Ikonge, Nyamira, ambaye huzungumza Ekegusii nyumbani na kufundishwa masomo mengine kwa Kiingereza, alama hizo si chache. Njia iliyoonekana salama ilikuwa kukariri: methali kadhaa, tashbihi, na aya ya utangulizi yenye jua linalochomoza, ambayo huweza kubandikwa juu ya mada yoyote. Pambo likachukua nafasi ya hoja. (Watahini nao hawakosi lawama, kwani pambo ni rahisi kulihesabu.)

Tuseme mada ni umuhimu wa chai, zao ambalo wakulima wadogo wa Nyamira wanalijua kwa mikono yao. Mwanafunzi huandika kwamba chai ni muhimu sana, kisha akaorodhesha: huleta fedha, huleta ajira, hunywewa na wageni. Hapo pana mada, wazo kuu hakuna. Wazo huzaliwa pale anapodai jambo linaloweza kupingwa, kwa mfano: malipo ya kila mwezi hukidhi mahitaji ya jikoni, bali bonasi ya mwaka ndiyo inayoamua kama mtoto atarudi shuleni. Sentensi hiyo ina deni. Aya inayofuata haina budi kuonyesha kiasi, majira ya malipo na karo, na chai ya wageni huondoka yenyewe bila kufukuzwa.

Je, sentensi hiyo ikae wapi? Katika etureti, baraza la wazee la Abagusii, uamuzi ulifuata ushahidi, haukuutangulia. Mwanafunzi anayepanga vielelezo vyake kwanza na kutamka dai lake mwishoni mwa aya hajakosea kwa sababu hiyo pekee, almuradi dai lipo na kila kielelezo kinaliendea. Mwalimu anayemkata alama kwa kuwa sentensi ya kwanza haikulitaja, hutetea kanuni ya Bain tu. Lililo zito zaidi ni aya ambayo, hata ikisomwa mara mbili, haina mahali ambapo msomaji angeweza kuandika pembeni: wabaadu.