Marudi, si Mrejesho

Mama mwenye duka aliisoma ile sentensi mara mbili, akanitazama kwa juu ya miwani, akasema: "Mwalimu, mimi mkopo nilimaliza Desemba. Ama hawakuandika?"

Ilikuwa Februari, majira ambayo maduka ya agroveti mjini Kitale hujaa wakulima wanaowania mbegu kabla mvua haijaanza. Nyuma yake ilipangwa mifuko ya H614 ya Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa papa hapa Kitale mwaka 1956, wakati huo kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho. Mbele yake palikuwa na kompyuta ndogo yenye programu ya kuhesabu mauzo na kukumbusha dawa inapokaribia kuisha. Kampuni inayoitengeneza programu hiyo (sitaitaja, nauli yangu ya kurudi Kitale bado iko kwao) ilikuwa imezifumua kurasa zake za mwongozo na kuzisuka upya. Mimi nilipewa kazi mbili: kuzitia Kiswahili, kisha kuzipeleka kwa wauzaji wa Kitale na Bungoma wazisome na kusema zimekaaje. Karatasi ya maswali sikuiandika mimi. Swali la kwanza lilikuwa: "Tafadhali toa mrejesho wako kuhusu usanifu mpya wa nyaraka."

Nyaraka nitaziacha kwa leo, ingawa zanikera. Waraka, kwa mtu wa huku, ni barua inayomhamisha mwalimu kutoka Endebess hadi Kacheliba. Hakuna aliyewahi kuufungua waraka kwa hiari ili ajue jinsi ya kufuta mauzo aliyoyaingiza kimakosa. Mwongozo ungetosha. Ugomvi wangu leo ni na mrejesho, neno ambalo limepewa kazi ya kubeba kile mainjinia wanachokiita fidibeki, na ambalo kila mwenye karatasi ya maswali sasa hulichomeka humo kama karafuu kwenye pilau.

Mama wa Kitale hakuwa mjinga. Alilisikia neno kama lugha inavyolisema. Rejea, rejesha, rejesho, marejesho, mrejesho: huo ni ukoo mmoja, na katika ukoo huo mwenye sauti kubwa siku hizi ni mkopo. Mwulize mwanachama yeyote wa vikoba kule Tanzania siku ya marejesho ni siku gani; atakwambia ni siku ya kutoa pesa. Huku kwetu One Acre Fund ilianza Bungoma mwaka 2006 kwa kuwakopesha wakulima mbegu na mbolea walipe kidogo kidogo, na tangu hapo kurejesha ni kitenzi chenye uzito wa gunia. Simu nayo imeongeza lake: ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, unaupeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ili zirejeshwe. Basi umwambie mtu wa namna hii "toa mrejesho", halafu ushangae akishika mkoba?

Na si hilo tu. Kurasa zenyewe nilizozibeba zilikuwa na sehemu iitwayo Marejeleo, ambamo kila amri ya programu imeorodheshwa. Chini ya kila ukurasa, kitufe: Mrejesho. Muuzaji mmoja wa Bungoma alikifinya kitufe hicho akitarajia kupelekwa kwenye Marejeleo, na kwa nini asitarajie? Hakuna fundi anayetundika funguo mbili zinazofanana kwenye msumari mmoja kisha akamlaumu anayefungua mlango usio wake.

Wapo wanaokimbilia maoni. Hao angalau wanasikika. Lakini maoni yamelimbikiziwa kazi hadi yamepinda mgongo. Katika programu za Google, "tuma maoni" ndiyo njia ya kuwaambia watengenezaji kwamba kitu kimeharibika; na chini ya video za YouTube, maoni ni yale matusi na mioyo myekundu ambayo watu huachiana. Oni ni kile unachokiona, nawe ukikiona unaweza kukaa nacho nyumbani. Halimlazimu mtu yeyote kubadili chochote. Fidibeki ni kitu kingine, nami naomba msomaji anisamehe nikimrudisha kidogo kwenye chimbuko.

Tarehe 2 Agosti 1927, injinia mmoja wa Marekani, Harold Black, alikuwa ndani ya feri akivuka mto Hudson kwenda kazini New York. Kwa miaka kadhaa alikuwa akihangaika na vikuza sauti vya simu za masafa marefu: kila kilipokuza sauti, kilikuza na mikwaruzo. Ndani ya feri wazo likamjia, akalichora kwenye ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo: chukua sehemu ya sauti inayotoka, igeuze, iingize tena mlangoni, ili kosa likutane na kosa lake na kujifuta. Hataza ya uvumbuzi huo haikutoka hadi mwaka 1937, maana wakaguzi hawakusadiki kwamba kitu kinaweza kutengenezwa kwa kurudishiwa makosa yake. Mwaka 1948 mwanahisabati Norbert Wiener akalichukua wazo hilo akalifanya mhimili wa elimu nzima, kuanzia mizinga hadi mishipa ya fahamu.

Kiini chake, basi, ni mambo mawili kwa pamoja: kinarudi, na kinarekebisha. Kisiporekebisha, kinaharibu. Aliyewahi kukaa kwenye matanga huku Magharibi, maiki ikasogezwa karibu mno na spika iliyokodiwa, akasikia ule mluzi unaopasua masikio hadi mchungaji akanyamaza, amekutana na hiyo fidibeki isiyo na adabu.

Sasa niambieni: ni neno gani la Kiswahili linalobeba kurudi na kurekebisha ndani ya silabi mbili?

Kuna orodha moja niliyoonyeshwa, kazi ya kamati ambayo ilikaa hotelini kwa siku kadhaa, iliyopendekeza "mlisho-nyuma". Ndiyo, mlisho, kama wa ng'ombe. Walipasua neno la kigeni katikati, wakatafsiri kila kipande, wakavifunga kwa kistari. Nikisikia mlisho-nyuma napata picha ambayo siwezi kuieleza katika makala yatakayosomwa na watoto. Wakitaka kujitetea watasema Waarabu nao wamefanya hivyo, kwa kuwa wao husema taghdhia rajia, yaani ulishaji unaorejea. Ni kweli. Ila kosa la jirani si ruhusa.

Neno lipo, na lilikuwapo kabla ya kamati zote, kabla hata ya ile Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha nchi nne. Ni rudi. Asili yake ni ile radda ya Kiarabu, yenye maana ya kurudisha, kujibu na hata kukanusha hoja. Lakini Mswahili alipoitia mkononi aliifinyanga akaiongezea. Fungua kamusi ya Johnson ya mwaka 1939: kurudi ni kwenda ulikotoka, ndiyo, lakini pia ni kumwonya na kumnyoosha mtu. Mzazi humrudi mtoto. Aliyepotoka kisha akatambua makosa yake, husemwa amejirudi. Hata kitambaa kikifuliwa kikanywea, husemwa kimerudi, yaani kimejulikana kipimo chake cha kweli. Na jina linalotokana na kitenzi hicho, marudi, limo humo likisubiri, likiwa na maana ya adabu inayomrejesha mtu kwenye mstari. Injinia Black, ndani ya feri yake, aliirudi mashine. Hakuna kitenzi kingine cha lugha hii kinachoweza kuisema sentensi hiyo.

Na tazameni sarufi inavyosaidia. "Nimerudi ukurasani" maana yake nimefungua tena. "Nimeurudi ukurasa" maana yake nimeusoma, nikauonya, nikausahihisha. Kiambishi kimoja cha yambwa, na maana mbili zimetengana bila ugomvi. Wenye mrejesho wajaribu hilo.

Nililijaribu mimi mwenyewe Bungoma. Siku ya kwanza mjini humo niliuliza maoni, baada ya kulikataa swali lao la mrejesho. Maduka manne, jibu moja: "Iko sawa, mwalimu. Ni nzuri tu." Mtu amekuja kwa matatu kutoka Kitale, amepitia Kiminini na Kamukuywa na Webuye, jasho linamtoka, nani atamwambia kazi yake mbaya? Adabu ya kwetu haiko hivyo. Siku ya pili, upande wa Kanduyi, nikamwambia kijana mmoja wa dukani: "Nirudi." Akajibu upesi: "Sawa, rudi hata kesho."

Nakiri lilinipata. (Mpinzani wangu mmoja akilisoma hili atafurahi, namwachia raha hiyo, hana nyingi.) Ikanibidi nieleze: nirudi kama mzazi anavyomrudi mtoto, kama yule mnenaji wa kumuse wa Wabukusu anayesimama baada ya mazishi ya mzee, akatembea huku na huku mbele ya umati akiwaambia walio hai walipokosea. Hapo kijana akacheka, akavuta kiti, akaisogeza kompyuta karibu.

Tulikaa zaidi ya saa moja. Kila mahali tulipoandika "bofya" akapagusa kwa kidole: "Hii ni nini? Sisi tunafinya." Kisanduku cha kutafuta, ambacho kwenye kurasa za zamani kilikuwa juu kabisa, wasanifu walikuwa wamekificha ndani ya vile vistari vitatu pembeni, alikitafuta hadi akakata tamaa, akatoka, akaingia Google. Picha zilikuwa kubwa, zinakula bando. Na mfano mzima wa kujifunzia ulikuwa wa mkahawa wa kahawa, vikombe na keki, ilhali yeye anauza dawa ya kupe kwa mililita na mbegu kwa kilo. Ukurasa wa kupima kwa vipimo viwili haukuwepo mahali popote. "Hapa," akasema, "mlimwandikia mtu wa Nairobi." Katika karatasi yangu ya maswali hapakuwa na nafasi ya kuandika hilo. Niliandika nyuma yake.

Mapingamizi nayajua. La kwanza, na ndilo la haki, nililipata kwa mwalimu mstaafu wa Kimilili ambaye namheshimu: "Marudi ni fimbo, kijana wangu. Utamwomba mteja akuchape?" Nilimjibu kwamba kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na neno lililopoteza kiboko chake lina nafasi ya kupewa kazi nyingine. Runinga, inayohusishwa na Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, nayo ilichekwa, na leo wasomaji wa habari huitamka bila kupepesa macho. Mwalimu hakushawishika, lakini alinikaribisha chai.

Pingamizi la pili silihesabu. Mtaalamu mmoja, ambaye jina lake liko mbele ya vitabu vingi na nyuma ya vichache alivyoandika peke yake, alisema katika kikao kwamba marudi ni "istilahi ya mwalimu wa nidhamu". Wote walicheka. Baadaye nilimpelekea kurasa sita za hoja, pamoja na jamaa na majirani wote wa radda, na baada ya miezi minne nikaletewa mstari mmoja: pendekezo lako limepokelewa. Halikukubaliwa, halikukataliwa, halikusahihishwa hata nukta. Watu wanaotuandalia neno la fidibeki!

Matumizi ni mepesi: marudi ya watumiaji, tuma marudi, tumepokea marudi yako, ukurasa umerudiwa, ngeli ya ya-, wala halina umoja.

Kampuni ilizipanga upya kurasa kwa kiasi fulani. Kisanduku cha kutafuta kimerudishwa juu, "bofya" imekuwa "finya", na kuna mfano wa duka la agroveti, ingawa waliuwekea picha ya ng'ombe ambaye mkulima yeyote wa Trans Nzoia ataona si wa huku. Kitufe cha chini walikubali kukijaribu kwa neno langu, kwa toleo la Kitale na Bungoma peke yake, kwa miezi mitatu.

Wiki iliyopita yule mama wa Kitale alinipigia simu. Amekiona kitufe. Alitaka kujua kama hayo marudi ndiyo mahali pa kuandika zile chupa za dawa ya kupe ambazo wateja wamezirudisha, maana zimefika tisa na hesabu haikubali. Nilinyamaza kidogo. Kisha nikamwambia hapana, mama, chupa zilizorudishwa nenda kwenye ukurasa wa mauzo, uziandike chini ya marejesho.